Tunda Moja Pamoja na Maharage

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Muheza yetu inasifika nchi nzima kwa machungwa. Lakini kwa mkulima mdogo chungwa ni fedha ya daftari na sare. Hupakiwa kwenye lori, na mwanawe hubaki na ugali na maharage.

Maharage yana madini ya chuma, yanayosaidia kutengeneza damu, ila mwili huyapokea kwa shida. Vitamini C ya tunda huusaidia mwili kuyapokea, mradi tunda liliwe pamoja na chakula. Na pera, ambalo wengi hulidharau, lina vitamini C mara 4 hivi ya chungwa la uzito ule ule.

Basi natoa shauri. Tusiwachague watoto wa maskini na kuwapa tunda wao peke yao. Kijana ataona haya, ataliacha. Apewe kila mwanafunzi, mtoto wa bwana shamba na mtoto wa kibarua, saa ile ile ya maharage. Sisi wa zamani tuchange miche ya mipera na mipapai. Mpapai ukitunzwa vema huanza kuzaa baada ya mwaka mmoja hivi. Ninyi vijana kazi yenu ni kumwagilia na kupalilia, kisha kula bila kuoneana haya.

Mimi nimekuja na miche 20 ya mipera. Iko pale nje, inangoja majembe.