Mandolini ya Umeme kwa Jukwaa la Ziwani

(Somo kwa waimbaji na wapiga vyombo, lililotolewa Nchelenge wakati wa sherehe ya kumbukumbu ya ushirika wetu)

Wazee wetu, wachungaji mliovuka ziwa kutoka Kilwa na Pweto, ndugu zetu wa Mantapala, na ninyi mliokuja kwa barabara ndefu kutoka Tanzania, karibuni Nchelenge.

Nimepewa nusu saa niseme na wapiga vyombo, na hasa kamati ya vyombo, kwa sababu wanataka kununulia kwaya ya vijana mandolini ya umeme. Mimi si fundi. Mimi ni mwinjilisti ninayepiga mandolini, na nimeshakosea mara mbili kwa pesa ya watu wa Mungu. Makosa hayo mawili ndiyo somo langu leo.

La kwanza lilitokea hapa Kashikishi, kwenye mkutano wa hadhara karibu na ufuko. Nilikuwa na mandolini kavu, ile yenye tumbo la uwazi, nikaibandikia pikapu ndani. (Nasema pikapu ya kunasa sauti, si ile gari ya kubeba samaki.) Mchana tulipojaribu vyombo ilitoa sauti tamu sana. Jioni uwanja ukajaa, fundi mitambo akapandisha sauti. Tukafika saa ya mwito, watu wameanza kuja mbele, kwaya inaimba polepole, na mandolini yangu ikaanza kupiga mluzi. Nikazikaba nyuzi kwa kiganja, ikazidi. Watoto wakacheka. Kulikuwa na baba mmoja, mvuvi, ameshafika nusu ya njia. Akasimama, akatazama spika, akageuka, akarudi kwenye mitumbwi. Mpaka leo naukumbuka mgongo wake.

Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 14, alipotaka kueleza habari ya maneno yasiyoeleweka, alichukua mfano wa vyombo vya muziki. Usiku ule nilielewa kwa nini.

Sasa, kwa nini ilipiga mluzi? Wengine walisema ni shetani. Jamani, tusimpe sifa asizostahili! Tumbo la mandolini kavu limefunikwa kwa ubao mwembamba, umetengenezwa makusudi utikisike. Ukiiweka karibu na spika kubwa, sauti ya spika inautikisa ubao ule. Pikapu inanasa mtikisiko, inaurudisha kwenye amplifaya, amplifaya inaupeleka kwenye spika, spika inatikisa tena. Mzunguko huo haumaliziki mpaka mtu apunguze sauti. Mandolini ya ubao mzima haina tumbo. Mwili wake ni mzito, spika haiutikisi kirahisi, na pikapu yake ya sumaku inasikiliza nyuzi za chuma zenyewe. Sisemi haiwezi kulia kabisa. Ukisimama mbele ya spika na sauti ya juu mno, hata hiyo italia. Lakini inakupa nafasi kubwa zaidi ya kupaza sauti kabla ya kufika huko.

Kosa la pili lilikuwa la kununua kwa macho. Mama zetu wanaokausha na kuuza chisense walichanga, wakanipa pesa, nikaenda Lubumbashi. Nikarudi na mandolini ya ubao mzima, nyekundu, inang'aa, ina nyuzi nane, pacha nne. Kila mtu aliipenda. Haya, mwezi haukuisha uzi ukakatika. Nyuzi zile mwisho wake ni kitanzi, na hapa kwetu dukani nilipata nyuzi za gitaa tu, zile zenye kishanga kidogo cha chuma mwishoni. Hazikushika. Tukaingia Desemba, uvuvi ukafungwa mpaka mwisho wa Februari kama kila mwaka, hakuna aliyekuwa na pesa ya safari. Mandolini ilining'inia ukutani miezi mitatu, na mama wale wakiingia ibadani wanaitazama. Hawakusema neno. Afadhali wangesema.

Kwa hiyo kamati, nawaomba mnunue yenye nyuzi nne, mojamoja. Najua vijana wanataka nane, wanasema nane ina utamu wake, sauti inametameta. Ni kweli, siwezi kubisha. Lakini nyuzi pacha ziliwasaidia wazee wetu kupata sauti kubwa kabla ya umeme, na kazi hiyo sasa inafanywa na spika. Tena uzi wa mandolini ni mfupi, kama sentimita 35 hivi, wakati wa gitaa ni kama 65. Mfupi hivyo, ukilegea kidogo tu kila mtu anasikia. Nyuzi nane kwenye joto la ziwa, kati ya wimbo na wimbo, na mchungaji ameshashika maiki? Utakuwa unakaza wakati wenzako wanaimba.

Wala hili si wazo langu. Kampuni ya Fender ya Marekani ilipotoa mandolini yake ya umeme mwaka 1956, iliiwekea nyuzi nne. Na kule India Kusini alikuwako U. Srinivas, aliyefariki mwaka 2014, alipiga muziki mgumu wa kwao kwa mandolini ya umeme yenye nyuzi tano, mojamoja. Si muziki wa ibada yetu, lakini mkono wake ulikuwa mkono.

Na hapa Luapula, nchi ya kalindula, vijana wetu wengi wanaanzia kwenye banjo ya kujitengenezea, yenye nyuzi chache. Mpe kijana wa namna hiyo nyuzi nne, vidole vyake havitashangaa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo limeniokoa. Chagueni ile ambayo nyuma, pale nyuzi zinaposhikiliwa, inapokea uzi wenye kishanga. Halafu nunua seti ya kawaida ya nyuzi za gitaa la umeme, ile inayoanzia namba 10. Uzi wa kwanza unakuwa E ya mandolini, wa pili unakuwa A, wa nne unakuwa D, wa tano unakuwa G. Wa tatu na wa sita weka akiba, mpe mpiga gitaa. Usichukue seti ya gitaa kavu, zile nyuzi nene za shaba pikapu ya sumaku haizisikii vizuri.

Pikapu iwe ya koili mbili. Ya koili moja ina sauti safi, lakini karibu na jenereta na nyaya zetu hizi inanguruma kama nyuki. Na iwe isiyohitaji betri. Betri itakwisha katikati ya mkesha, mnajua wenyewe.

Msimalize pesa yote kwenye chombo. Wekeni ya waya mbili nzuri, na kile kisanduku kinachoitwa DI, ili mpigaji aingie kwenye miksa moja kwa moja hata pasipo amplifaya yake. Na ile mandolini kavu msiiuze! Siku umeme umekatika na jenereta haina mafuta, ya ubao mzima haisikiki hata safu ya pili. Kwa ibada ya nyumbani, kavu inatosha kabisa.

Kabla ya kulipa, ombeni muuzaji awashe. Pandisha sauti kama ya jukwaani, zikabe nyuzi kwa kiganja, simama karibu na spika, usikilize. Gonga pikapu kwa ukucha. Ikisema kama maiki, iache. Halafu angalia sauti ya uzi mtupu na sauti ya pau ya 12: ziwe noti moja, juu na chini. Zikipishana, na daraja halisogei, rudisha.

Kamati, mkiweza, amueni kabla ya Desemba, wakati samaki bado wanauzwa.

Baada ya chakula nitakuwa chini ya ule mwembe na mandolini yangu. Ndugu wa Mantapala aliyeniambia banjo yake inanguruma, ailete tuifungue. Twende haraka, maana jenereta ni ya ndugu wa Kilwa, na boti yao inataka kuondoka kabla upepo haujaanza.