Majani ya Harufu na Mtoto Anayehara

Leo tuzungumze juu ya majani yenye harufu: mchaichai, kivumbasi, ekaliptusi, na karafuu za sokoni. Wengi munauliza: "Haya majani yanaua mikrobe kweli, ao ni maneno ya wazee tu?"

Wazee hawakusema uongo. Ndani ya majani hayo kuna mafuta yenye harufu kali. Mikrobe ina ngozi nyembamba sana. Mafuta yanaharibu ngozi ile, vitu vya ndani vinavuja, nayo mikrobe inakufa. Wenye kupima katika laboratware wameyaona hayo, hata kwa mikrobe ya kolera. Waganga wa meno nao wanatumia mafuta ya karafuu tangu zamani.

Lakini sikiliza vizuri, mama. Katika laboratware wanatia mafuta yenyewe juu ya mikrobe, ndani ya chombo. Kilo nzima ya mchaichai inatoa karibu kijiko kidogo kimoja tu cha mafuta, ao chini yake. Ndani ya kikombe chako cha chai mafuta ni kidogo mno. Ukichemsha majani, kinachoua mikrobe za maji ni moto. Basi maji ya ziwa na ya Lukuga uyachemshe siku zote, majani yawepo ao yasiwepo.

Tena, mtoto anayehara anakufa upesi kwa sababu gani? Kwa sababu maji na chumvi vinamtoka mwilini. Kolera inaweza kumaliza maji yake kwa saa chache tu. Hakuna jani linalorudisha maji yale. Mama akisema, "Nimemupa majani, tungoje mpaka kesho," kesho inaweza kuwa mbali sana kwa mtoto.

Fanya hivi:

1. Mtoto akianza kuhara, mpe maji ya dawa ya pakiti kutoka kituo cha afya. Kama hauna pakiti, chukua litri 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kusawazishwa, visijae. Umnyweshe polepole, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uanze tena.

2. Usimwachishe ziwa. Maziwa yako ni chakula na ni maji.

3. Akihara maji meupe kama maji ya mchele, ao damu, ao macho yakiingia ndani, ao akishindwa kunywa, umlete hospitali mara moja, hata usiku. Njiani endelea kumnywesha.

4. Mafuta ya ekaliptusi ao ya karafuu ya chupa usimtie mtoto kinywani wala puani. Hata kidogo yanaweza kumletea kifafa ao kumzimisha akili. Ficha chupa mbali na mikono yake.

5. Juu ya kitovu cha mtoto mchanga usiweke majani wala udongo. Pepopunda inaingia hapo. Kitovu kiwe safi na kikavu. Weka dawa ile tu uliyopewa na muuguzi.

Mchaichai ni chai nzuri kwa watu wakubwa, kunyweni kwa furaha. Lakini kwa mtoto anayehara, maji kwanza, na njia ya hospitali.