Kompyuta Yako Inasikiliza Maikrofoni Ipi?

Msikilizaji, ukitaka kurekodi sauti nyumbani, kuchomeka maikrofoni ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhakikisha kompyuta inaisikiliza. Kompyuta mpakato nyingi zina maikrofoni ndogo ndani, mara nyingi karibu na kamera. Ukichomeka nyingine, kompyuta inaweza kuendelea kutumia ile ya ndani bila kukuambia. Utauliza, mbona sauti imeingia? Imeingia, ndiyo, lakini kupitia ile ya ndani, pamoja na mvumo wa feni na mwangwi wa chumba. Wengi huilaumu maikrofoni mpya, kumbe haijatumika hata kidogo.

Basi fanya hivi. Chomeka maikrofoni. Fungua mipangilio ya sauti, uchague jina lake. Fungua programu ya kurekodia, uchague jina lilelile. Sasa rekodi huku ukikwaruza taratibu, kwa ukucha, wavu wa maikrofoni, kisha pembeni mwa kamera. Sikiliza kwa hedifoni. Mkwaruzo wa wapi una nguvu zaidi? Hapo ndipo kompyuta inaposikiliza.

Wapo watakaosema dawa ni kununua maikrofoni ya bei kubwa. Hapana. Isipochaguliwa, hata hiyo haitasikika. Na jina lisipoonekana kabisa, tazama plagi. Tundu moja la hedifoni na maikrofoni kwa kawaida hutaka plagi yenye mistari mitatu. Yenye miwili huenda ikahitaji adapta. Maikrofoni ya USB haina usumbufu huo. Kabla ya kurekodi, msikilizaji, chomeka, chagua, kwaruza, usikilize.