Kopo Lililobonyea: Neno juu ya Dhambi za Kila Siku

(Hotuba ya kamati iliyosomwa kwenye ibada ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Nakivale)

 

Tarehe 20 Juni ilikuwa siku ya Waafrika kabla haijawa ya dunia nzima. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya wakimbizi uliandikwa Addis Ababa mwaka 1969, ukaanza kufanya kazi tarehe 20 Juni 1974, na tangu mwaka 2001 mataifa yote huiadhimisha siku hii. Kwa kawaida tukikutana hivi tunahesabu mabaya tuliyotendewa. Tunayo mengi, na hatusemi yasahauliwe. Lakini safari hii tumeombwa tuseme neno la Mungu juu ya mabaya tunayoyatenda sisi wenyewe, na hasa yale madogo ya kila siku, ambayo mtu huyatenda asubuhi na mchana akala chakula chake bila wasiwasi.

Haifai kuanza na dhambi ya jirani. Tutaanza na yetu sisi wa kamati.

Wengi wenu mnalijua shamba la maharagwe tunalolima kwa zamu kwa ajili ya wazee, wajane na wagonjwa. Tulikuwa tunagawa mavuno kwa kopo la maziwa ya unga. Siku moja kopo lile lilianguka juu ya jiwe, kitako kikabonyea kwenda ndani. Tuliliona. Mmoja wetu alisema, “Tutatafuta jingine.” Hatukutafuta. Kila kipimo kikapungua kama konzi moja, na mwisho wa kugawa kukawa na maharagwe yanayobaki kwenye gunia. Yale yaliyobaki tuliyauza kidogo kidogo, tukanunua sukari, majani ya chai, na mara moja soda, kwa ajili ya mikutano ya kamati. Hakuna aliyesema, “Tunaiba.” Tuliyaita akiba. Katika daftari tuliandika akiba, na mwandiko ulikuwa mzuri.

Mama mmoja mzee, ambaye macho yake hayaoni vizuri, ndiye aliyejua. Alikuwa akiingiza mkono wake ndani ya kopo kabla halijajazwa, kama anayelifuta vumbi. Alinyamaza misimu miwili. Msimu wa tatu alituambia kwa upole, “Wanangu, kopo lenu lina tumbo la ndani.” Watu walicheka. Sisi pia tulicheka. Usiku ule hatukulala vizuri.

Maandiko hayanyamazi juu ya jambo hili. Torati na Mithali zinasema wazi kwamba mizani ya hila ni chukizo kwa Bwana, wala hazikuweka kiasi cha chini ambacho mtu akikipunja hahesabiwi. Tulikuwa tunalijua neno hilo. Wengine wetu tulikuwa tumelihubiri.

Basi tulijiuliza: mbona hatukuona? Jibu tulilopata ni kwamba dhambi ya kila siku hubadilisha jina. Hapa kwetu tumeyabadilisha majina mengi. Kuiba kunaitwa kujisaidia. Rushwa inaitwa chai. Uongo unaitwa kujieleza vizuri. Na masengenyo, ndugu zangu, katika makanisa yetu yanaitwa ombi la maombi: “Tumwombee mama fulani, maana tumesikia kwamba...” Hapo watu huegemea mbele wasikie. Kuitambua dhambi ni kuirudishia jina lake la kwanza. Nathani alipomwendea Daudi hakuanza na hukumu. Alianza na habari ya kondoo mmoja wa maskini, na Daudi akalitaja jina la kosa kwa kinywa chake mwenyewe kabla hajajua ni lake.

Kuna jingine la kuchekesha kidogo. Mmoja wetu alipanda teksi kwenda Mbarara na mtoto wake. Kondakta alipouliza umri, mzazi akasema miaka minne, ili mtoto apakatwe bure. Mtoto akasema kwa sauti, “Baba, si niko na saba?” Abiria wote wakageuka. Mwenzetu alilipa nauli, lakini anasema mpaka teksi inaingia mjini hakuweza kumtazama mtoto yule usoni. Alikuwa anakwenda Ruharo, kwenye mkutano wa kanisa. Tunasimulia kwa ruhusa yake.

Wapendwa, jambo hili la dhambi ndogo lina historia katika nchi hizi zetu, na vijana wengi hawaijui. Mwaka 1929, Kampala, juu ya kilima cha Namirembe, mtumishi wa Mungu Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Baadaye kiongozi wa wafanyakazi wa hospitali ile, Yosiya Kinuka, alifika Kampala kumtembelea Nsibambi. Alikuwa na malalamiko juu ya hali ya kazi kule Gahini. Nsibambi akamwambia kwamba shida ya hospitali ilikuwa ndani ya moyo wake yeye Kinuka. Mtu angeweza kukasirika. Kinuka alirudi Gahini akaanza kuungama na kutengeneza, na kazi ikabadilika. Hivyo ndivyo Uamsho ulivyoanza, ule wa Balokole, maana yake watu waliookoka. Mwaka 1935 ulikuwa na mkutano mkubwa Kabale, ukaenea Ankole hapa, Buganda, Burundi, Kenya, Tanganyika na Kongo. Wimbo wa Tukutendereza mnaoupenda ndio ulikuwa salamu yao.

Watu wale walikuwa wanarudisha vitu. Mtu alirudisha alichokichukua shambani au ofisini kwa tajiri wake, akasema, “Nilikiiba.” Waliita jambo hili kutembea nuruni, kama Yohana anavyofundisha katika waraka wake wa kwanza. Na si Wakristo wa zamani tu: Zakayo naye hakuishia kulia, alitaja hesabu, mara nne.

Lakini tuseme kweli yote, kwa kuwa humu ndani wako waliotoka Rwanda, Burundi na Kongo. Uamsho ulizaliwa Rwanda, na katika Rwanda hiyo hiyo, mwaka 1994, watu walichinjwa hata ndani ya makanisa. Imekuwaje? Sisi si wasomi wa mambo hayo. Wapo walokole waliokufa kwa kukataa kuwaacha ndugu zao wa kabila jingine, nao tunawaheshimu. Hata hivyo tunaona kwamba mtu anaweza kuungama kalamu aliyoiba shuleni na asiungame jinsi anavyolitamka jina la kabila la jirani yake. Kalamu ni nyepesi kuungama. Watu hupiga makofi. Ile nyingine imelala chini kabisa, nayo tumekuja nayo hapa bila kuhitaji mzigo. Iko kwenye foleni ya maji, pale mtu anaposema “hawa watu,” na kila mmoja anajua ni akina nani. Iko kwenye mabishano na wenyeji wetu Wanyankole, ng’ombe wanapoingia kwenye mahindi, au mtu anaposogeza jiwe la mpaka usiku hatua mbili. Tunaomba jambo hili lisihesabiwe kuwa dogo.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikuwa mtoto wa Uamsho huo. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Februari 1977 chini ya Idi Amin, Kivengere alikimbia kwa miguu usiku, akavuka mlima kuingia Rwanda. Alikuwa mkimbizi kama sisi. Alieleza baadaye kwamba huko ugenini aliona moyo wake umejaa uchungu juu ya Amin, mpaka Ijumaa Kuu moja, akiwa ibadani London, akatambua kwamba uchungu ule ulikuwa unamuua yeye. Aliomba neema ya kusamehe, na mwaka ule ule akaandika kitabu ambacho jina lake linasema anampenda Amin. Watu wengi walishangaa, wengine walimkasirikia. Hakusema Amin ametenda vema. Alisema habari ya moyo wake mwenyewe.

Hapa tunataka kuweka tahadhari, maana kuna mahubiri yanayoumiza. Mtu anayeota vita usiku na kuamka akipiga kelele hatendi dhambi. Apelekwe kituo cha afya, asiambiwe atubu. Mama anayeuza kilo mbili za unga wa mgao ili apate chumvi, sabuni na karatasi ya shule hajaanguka katika imani. Mtu aliyefanyiwa ubaya wa mwili wakati wa vita hana cha kuungama hata kimoja. Wa kuungama ni mwingine. Tumewahi kumsikia mhubiri akimwambia mjane kwamba ugonjwa wake ni matunda ya dhambi. Tulinyamaza kwa sababu alikuwa mgeni wetu. Kule kunyamaza kulikuwa dhambi yetu ya siku ile.

Turudi kwenye mgao, kwa kuwa huko ndiko tunakojaribiwa zaidi. Mnakumbuka uhakiki wa mwaka 2018, serikali ya Uganda na UNHCR walipotuhesabu upya kwa alama za vidole na macho. Hesabu ya nchi nzima iliyokuwa ikitajwa kuwa karibu milioni 1.4 ilitoka kama milioni 1.1. Hatuwezi kusema tofauti ile yote ilitoka wapi. Tunaweza kusema juu ya nyumba zetu: bibi aliyefariki ambaye jina lake liliendelea kula, mtoto aliyeazimwa kwa jirani siku ya kuhesabiwa. Chakula kilianza kupunguzwa mwaka 2020, kikapunguzwa tena 2021. Mwaka 2023 tukagawanywa katika makundi matatu kulingana na uhitaji. Mwaka 2025 wengi nchini wakaondolewa kabisa. Kwa njaa kama hii, uongo unaonekana kama akili. Tunamwelewa anayeutenda. Lakini tukisema kwamba jina la marehemu halimdhuru mtu, tunamsahau aliye kwenye foleni nyuma yetu, ambaye ni hai.

Na yule anayeazima mateso ya mwenzake ili apeleke kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine? Hili ni gumu kulisema mbele ya wageni, lakini wageni wanalijua. Mwenye hadithi, akifika kuisimulia yake ya kweli, anaambiwa wameshaisikia.

Ninyi watumishi wa mashirika, tunawashukuru, na tunawaambia kwa heshima: ninyi pia mna makopo yenu. Kumwambia mzee arudi kesho wakati karatasi yake iko mezani ni kopo. Kumwandika mtu kuwa “kesi” mpaka jina lake linapotea ni kopo. Tunasema hivi kwa kuwa mmeketi nasi kwenye viti hivi hivi vya plastiki.

Sasa, mtu afanyeje? Tutaeleza tulivyofanya sisi, pamoja na mahali tuliposhindwa. Kwanza tulikaa kamati yote tukataja jambo kwa jina lake: tuliwaibia wajane. Lilichukua jioni mbili, maana jioni ya kwanza tuliishia kwenye “upungufu.” Tuliomba. Kisha tulikwenda kwa waliopunjwa, nyumba kwa nyumba, tukiwa wawili wawili, tukawaambia. Mungu husamehe aliye wake, lakini maharagwe yalikuwa ya mama yule. Tulikadiria misimu mitatu, tukalipa kutoka mashamba yetu wenyewe kwa muda wa miezi minne. Wazee wawili walikuwa wamefariki. Fungu lao tuliwapa wajukuu.

Si wote waliofurahi. Baba mmoja alituambia waziwazi kwamba hatatuamini tena, na mpaka leo haji shambani. Ni haki yake. Mmoja wa kamati alikasirika kwa kuwa tulitangaza, akaacha kutusalimu. Naye tulimkosea, kwa sababu tulimtaja mbele ya watu kabla ya kuzungumza naye peke yake. Kwa hiyo tulijifunza kitu walichojifunza walokole kwa machozi: ungama lako, usiungame la mwenzako. Na mambo ya nyumbani, ya mume na mke, yasiletwe kwenye kipaza sauti. Yana mlango wake.

Tangu hapo tunakutana watu wanne au watano, siku ya Jumatano saa kumi jioni, kabla ya kuchota maji. Hatuhubiriani. Kila mmoja anasema mahali alipojikwaa wiki ile, kwa maneno machache, na kama kuna kitu cha kurudisha anataja siku atakayokirudisha. Wiki iliyofuata anaulizwa. Wiki nyingi ni mambo ya aibu ndogo tu: hasira kwa watoto, wivu kwa aliyepata safari ya kwenda Kanada, deni la dukani analolikwepa mtu kwa kupita njia ya nyuma. Kuna aliyesema jambo lile lile wiki saba. Ya nane hakuja, tulimfuata.

Kopo la zamani hatukulitupa. Limetundikwa ghalani kwa msumari, na jipya tulilonunua Mbarara limefungwa kamba kwenye gunia. Mama yetu mzee bado huingiza mkono ndani kabla halijajazwa. Tunamngoja amalize.

Bwana asifiwe.