Jengo Limeuzwa, Dipoziti Iko kwa Nani?
Mwenye jengo mpya anafika na barua: lipa dipoziti upya au ufunge duka lako la kinyozi. Hicho ni kitisho tu. Sheria ya Kenya, Sura ya 301, humlinda mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Mnunuzi wa jengo humrithi mpangaji pamoja na masharti ya upangaji wake. Kumtoa au kumwongezea mzigo kwahitaji notisi rasmi ya angalau miezi 2, ambayo mpangaji aweza kuipinga katika baraza la kodi za majengo ya biashara. Dipoziti ndiyo huyeyuka: muuzaji asema ameikabidhi, mnunuzi asema hajaiona. Basi mpangaji, risiti ya zamani usiitupe, na udai barua yenye sahihi za muuzaji na mnunuzi ikitaja kiasi.