Rangi Iliyozaliwa na Tunda

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: katika Kiingereza, neno "orange" lilikuwa kwanza jina la tunda au la rangi? Nilijibu upesi, la rangi. Nilikosea. Tunda ndilo lililotangulia. Katika Kisanskriti liliitwa "naranga". Waajemi wakalipokea, kisha Waarabu, wakaliita "naranj". Ile "n" ya mwanzo ilidondoka kabla neno halijafika Uingereza. Sifa ya rangi yaonekana katika maandishi ya Waingereza tangu mwanzo wa miaka ya 1500 tu. Wazee wao walisema "njano-nyekundu". Ndiyo sababu ndege wao mdogo, "robin", mwenye kifua cha rangi ya machungwa (nasi twasema vivyo hivyo!), hata leo huitwa Kifua-Chekundu. Kesho yake nilisahihisha jibu langu mbele ya darasa zima.