Dhahabu Ilipita, Kaure Imebaki

Msikilizaji, ukisimama mbele ya makaburi ya nguzo pale Kunduchi, Dar es Salaam, utaona viduara vimezama kwenye chokaa. Humo wazee wetu walipachika mabakuli ya kaure kutoka China.

Yalifikaje? Kwa biashara. Dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishuka hadi Sofala, ikapitia Kilwa, ikavuka bahari. Vyombo vikaja kwa upepo wa kaskazi.

Lakini bidhaa hizi mbili hazifanani. Dhahabu haishiki kutu, nayo ni laini ajabu: gramu 1 huvutwa ikawa uzi wa zaidi ya kilomita 2. Hupitisha umeme vizuri, ndiyo maana imo hata ndani ya simu yako. Kaure ni udongo mweupe uliochomwa kwa joto la nyuzi 1,300 hivi hadi ukawa mgumu, haunywi maji, na umeme haupenyi. Tazama juu ya nguzo za umeme: vile vikombe vinavyoshika nyaya, vingi ni vya kaure.

Dhahabu ikiyeyushwa husahau ilikotoka. Kaure hata ikivunjika, kigae chake hubaki na rangi na nakshi, na wataalamu wa mambo ya kale hukisoma wakajua umri wa ukuta. Ndiyo maana inaniuma kuona tundu tupu pale bakuli lilipobanduliwa. Aliyelibandua alipata chombo kimoja. Sisi sote tumepoteza ukurasa wa historia yetu.

Ndugu zangu wa pwani, yaliyosalia tuyalinde.